Gari Lilelile, Mtu Yuleyule?



Likizo hii hapa nyumbani Kighare tunafufua gari la baba mdogo, Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Zamani baba aliliazima, akaligonga mtini akiwa amelewa. Tangu hapo hawakusalimiana. Juzi baba kaja mwenyewe, msasa mkononi.

Tumekata bati lililoliwa na kutu, tumebadilisha breki na nyaya. Rafiki yangu akatania: "Frateri, mkishabadili kila kitu, bado ni gari lile?" Plutarch anasimulia wanafalsafa walivyobishania swali hilohilo juu ya merikebu ya Theseus.

Kwa gari, tubishane hadi usiku. Kwa mtu, hapana. Kama aliyetubu amekuwa mtu mwingine, basi nani anaomba radhi, na nani anasamehewa? Kitubio hakituletei mtu mpya badala ya yule mkosaji, kinamponya yuleyule.

Ndiyo maana baba mdogo hakusema, "Yameisha, hukufanya kitu." Alisema, "Kaka, uliniumiza. Haya, shika spana."

Je, wewe kuna nani anasubiri umpe spana?