Ushahidi wa Sikio

Mtu mwenye chumba kikubwa cha kusikilizia muziki, anayetafuta spika za kusimama sakafuni, hupewa ushauri uleule kila aendako: amini masikio yako. Ni ushauri unaopendeza, kwa kuwa unampa mnunuzi heshima ya kuwa hakimu wa raha yake mwenyewe. Lakini ndani yake limo swali kongwe la falsafa: je, hisi zetu zinastahili kuaminiwa zikiwa peke yake? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliuliza katika kitabu alichoelezea namna alivyotoka kwenye shaka. Jicho, kwa hoja yake, huona kivuli kimetulia kumbe kinasogea. Huiona nyota ndogo kama dinari, ilhali hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Alilichagua jicho kwa sababu aliliona ndilo hisi yenye nguvu kuliko zote. Naamini hoja hiyo inalibana sikio zaidi, maana sikio hukubali kuongozwa na jicho bila mwenyewe kujua. Hivyo nashikilia kwamba sikio ni shahidi tusiyeweza kumkosa, ila ushahidi wake hunyooka pale tu tunapoliondolea yanayolishawishi, na kwamba kukubali kufanya hivyo ni suala la uadilifu kabla ya kuwa suala la ufundi.

Ushahidi upo. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison iliandaa maonyesho nchini Marekani ambamo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine ya santuri, akanyamaza katikati ya wimbo, na mashine ikaendelea kwa sauti yake iliyorekodiwa. Wengi waliondoka wakisema hawakuona tofauti, ingawa rekodi zile zilifanywa bila umeme wala maikrofoni. Hawakuwa viziwi, walikuwa wameandaliwa kuamini. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika za aina nne wazipime, mara zikiwa nyuma ya pazia, mara zikiwa wazi. Kati yake ilikuwemo seti ndogo ya bei nafuu. Pazia lilipokuwepo, seti hiyo ilishindana vizuri na zile kubwa za gharama. Ilipoonekana, alama zake zilianguka. Wazoefu nao hawakusalimika. La kuzingatia zaidi ni hili: watu walipokuwa wakiona, walipungukiwa na uwezo wa kutambua mabadiliko yaliyoletwa na kuihamisha spika chumbani au kubadilisha muziki, mabadiliko ambayo bila kuona waliyasikia. Dhana iliyotangulia haikuwaongezea tu kisichokuwepo. Iliwaziba masikio wasisikie kilichokuwepo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Jaribio hili latufundisha kwamba hujiuza pale mnunuzi anapokikuta bila mpambe.

Haimaanishi kwamba spika kubwa ni ulaghai. Sauti nzito hudai hewa: ili kushuka oktavu moja kwa ukali uleule, koni lazima isukume hewa mara nne zaidi, na kutoka hezi 80 hadi hezi 20 ni mara 16. Spika ya kuweka rafuni haina koni wala boksi la kubeba mzigo huo katika chumba kipana, na ndiyo sababu halali ya kutafuta za kusimama. Lakini chumba nacho kina neno lake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuta zinazotazamana kwa umbali wa mita 7 huikuza sauti ya karibu hezi 24.5 na zile zilizo mara mbili au mara tatu yake, ikavuma kupita kiasi kwenye kiti kimoja na kufifia kwenye kingine. Katika vyumba vya nyumbani, chini ya hezi 200 hivi, sehemu kubwa ya tunachokisikia ni kazi ya chumba. Besi iliyomteka mtu dukani, basi, ni besi ya duka. Sikio halikusema uongo. Lilitoa ushahidi wa mahali pengine. Atakayetaka kujua spika itafanya nini kwake hana budi kuweka maikrofoni ya kupimia pale atakapoketi, na kuwa tayari kusogeza spika, kiti na mazulia kabla ya kulaumu alichonunua.

Wapo watakaosema kwamba ladha haina hakimu: anachopenda huyu si lazima akipende yule, basi vipimo vya nini? Ingekuwa hivyo, tungetarajia wasikilizaji wasioziona spika wavutane kila mmoja upande wake. Haikuwa hivyo. Olive alipowalinganisha watu zaidi ya 250, waliofunzwa kusikiliza na wasiofunzwa, walizipanga spika kwa utaratibu unaokaribiana sana. Waliofunzwa walitofautiana na wenzao kwa uthabiti na ukali wa alama. Zilizopendwa zilikuwa zile ambazo vipimo vilionyesha hazizidishi wala hazipunguzi noti fulani, mbele na pembeni. David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kigezo cha ladha, alikwisha kushikilia kwamba hukumu njema ya uzuri hudai mazoezi, ulinganisho na moyo usio na upendeleo. Tofauti za ladha zipo kweli, lakini nyingi tunazoziita ladha ni tofauti za tulichoambiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nyumbani mtu husikiliza macho wazi. Ikiwa mbao zilizong'arishwa na jina kubwa vinamzidishia raha, raha hiyo si ni ya kweli? Ni ya kweli, na hakuna dhambi kununua kitu kwa uzuri wa umbo lake. Kosa huja tunapoipa raha ya jicho jina la sauti, kisha tukamshauri mwingine atoe akiba yake kwa jina hilo. Mtu huyo hatarithi hisia zetu. Atarithi bei tu.

Mwisho kuna wasemao kwamba vipimo huua mshangao, kwamba muziki ni wa roho na grafu haina roho. Lakini kinachopimwa ni chombo, si wimbo. Mshangao unastahili kuelekezwa kwa mwimbaji, kwa mpigaji wa udi, kwa pumzi iliyovutwa kabla ya neno la kwanza. Spika iliyo aminifu ni ile inayotuachia hayo bila kujiingiza. Anayechagua kwa pazia na kwa kipimo hajalidharau sikio lake. Amelipa nafasi ya kusema lenyewe, na amekubali mapema kwamba jibu linaweza kuwa spika ya bei ndogo kuliko aliyokwisha kuitamani. Utayari huo wa kukanushwa ndio unaotenganisha kuutafuta ukweli na kuutafutia sababu uamuzi uliokwisha kupita.