Chumba cha Mwanafunzi Mgeni



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, imo habari ya mwanamke tajiri wa Shunemu, ambaye nabii Elisha alikuwa akipita kwake mara kwa mara. Mwanamke huyo alimshauri mumewe wamjengee mtu wa Mungu chumba kidogo juu ya nyumba, wakitie kitanda, meza, kiti na taa. Yafaa kuvitazama vyombo hivyo vinne. Kitanda chamfaa kila msafiri. Lakini meza, kiti na taa ni vya mtu mwenye kusoma na kutafakari. Mama yule hakumpa mgeni mahali pa kulaza ubavu tu. Alijiuliza kwanza mgeni wake ana kazi gani.

Habari hiyo ilitujia moyoni tulipokuwa Kawetele, pale Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Tulikutana na binti wa nchi ya ng'ambo, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, aliyeletwa nchini kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Bweni la chuo li mbali sana, na utafiti wake ni wa migomba ya Rungwe. Wageni kama yeye hawakosi huko: mlima wenyewe wawaita, na mashamba ya chai, na yule kima aitwaye kipunji, ambaye wataalamu wa wanyama walimtambua mwaka 2003.

Siku tisa binti huyo alikaa katika nyumba ya wageni akitafuta chumba. Dalali alitaka malipo ya kumwonyesha tu. Mwenye nyumba wa kwanza alimtajia kodi mara mbili ya ile aliyolipa mpangaji aliyetoka. Wa pili alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, ingawa mgeni atakaa miezi saba. Chumba cha tatu kilikuwa na bati lenye kuvuja, na anayeijua mvua ya Tukuyu ajua maana yake. Wa nne, Mkatoliki mwenzetu, alisema hataki maswali ya serikali.

Nasi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mgeni alitubishia hodi parokiani. Chumba kitupu kilikuwapo. Tulimjibu kwamba tutashauriana na wenzetu. Tukashauriana juma zima, naye akaenda zake.

Tarehe 26 Machi 1967 Papa Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio, alifundisha kwamba kuwapokea wageni ni wajibu unaotokana na udugu wa wanadamu na upendo wa Kikristo, tena ni wajibu wa jamaa na wa vyuo vya nchi ile waliyoifikia. Aliwataja hasa vijana, akataka jamaa nyingi zaidi na hosteli nyingi zaidi ziwafungulie milango. Miaka kumi kabla yake, katika Fidei Donum ya 1957, Papa Pius XII alikwisha kuwakumbuka wanafunzi wa Afrika na Asia waliokwenda kusoma Ulaya.

Tuone basi barua hizo ziliwatetea akina nani. Ziliwatetea watoto wetu! Siku zile wenye kubisha hodi walikuwa ndio sisi. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Katika miaka hiyo na iliyofuata, wenye nyumba wengi wa Uingereza waliwakataa weusi waziwazi, hata kwa matangazo madirishani, na sheria ya kukataza ubaguzi huo katika nyumba ilitungwa mwaka 1968 tu. Tuliuchukia ubaguzi ule, na tulikuwa na haki. Leo twampimia mgeni kodi kwa rangi ya ngozi yake, na kuiita kwa mzaha "bei ya mzungu". Wengine watasema, "Lakini ana fedha." Huenda anazo, huenda posho yake ya masomo imehesabiwa senti kwa senti. Vyovyote iwavyo, chumba ni kilekile, na ukuta haukuongezeka tofali hata moja.

Na hofu ya serikali? Mwenye nyumba aombe kuona pasi, kibali cha ukaazi, na kibali cha utafiti cha COSTECH. Ampeleke mgeni kwa mtendaji wa kata. Waandikiane mkataba, nakala mbili, wenye kutaja kodi, miezi, maji na umeme. Ni kazi ya asubuhi moja, mtendaji akiwapo ofisini. Na mzazi mwenye mtoto aendaye ng'ambo amwonye asitume fedha za chumba ambacho mtu mwaminifu hajakiona kwa macho.

Rungwe haina haja ya kufundishwa na sisi namna ya kukaa na watu. Mwaka 1934 mtafiti kijana Mwingereza, Godfrey Wilson, alifika huko. Mwaka uliofuata alikuja mkewe Monica, wakakaa kati ya Wanyakyusa hata 1938. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Wavulana wa miaka kama kumi waliacha kulala kwa baba, wakajijengea vibanda pamoja na wenzi wa rika lao, lakini chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi nyumba hata nyumba. Wanyakyusa huiita ukwangala ile raha ya kukaa pamoja na wenzi wema, na jina la kitabu hicho latokana na wazo hilo. Hayo ndiyo ahitajiyo mwanafunzi mgeni: mlango wake mwenyewe, na jiko la watu karibu.

Siku ya kumi mama mjane wa Kawetele alimpokea binti yule, kwa kodi ileile ya mpangaji wa zamani, mwezi kwa mwezi. Kitanda kilikuwapo, meza na kiti viliazimwa kwa jirani, taa ya kuchaji aliinunua mgeni mwenyewe sokoni, kwa ajili ya usiku umeme ukikatika. Tulipowatembelea Jumapili moja baada ya Misa, binti alikuwa jikoni akimenya ndizi pamoja na wajukuu wa mama, na kile kiti chake cha kusomea kililetwa barazani ili tuketi sisi.