Yafaa Mgonjwa Aulizwe Kosa Lake?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Watu walikusanyika, wengine na madumu ya kuchotea, wengine wakipita tu katika shughuli zao. Na moto ulipolipuka haukuchagua. Waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitalini siku zilizofuata, walizidi 100. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo.

Udongo wa makaburi ulikuwa bado mbichi, na tayari swali lilikuwa limeenea kote: "Walifuata nini pale?" Hatusemi kwamba swali hilo ni la upuuzi. Kuchota mafuta yaliyomwagika ni kucheza na mauti, na pengine ni wizi pia. Wazazi yawapasa kuwaambia watoto wao hivyo bila kificho. Neno letu leo ni jingine: je, swali hilo lina mahali pake katika chumba cha kufungia vidonda?

Tumfikirie mtu wa Kihonda, mwendo mfupi tu kutoka Msamvu kwa barabara ya Dodoma, aliyenusurika. Kidonda cha moto hakiponi kwa siku saba. Akisha kuruhusiwa kutoka hospitali kubwa, itambidi kwenda zahanati ya jirani mara kwa mara kubadilishiwa bandeji. Na hata ngozi ikisha kufunga, atarudi kwa homa, au kumleta mtoto achanjwe. Hapo harufu ya spiriti peke yake yaweza kumrudisha katikati ya moto: moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, mkono akauvuta kwa nguvu. Asiyejua atamwita mkaidi. Wataalamu huliita jambo hili kiwewe, nao hufundisha kwamba si utovu wa adabu wala si wazimu. Ni mwili unaojilinda na hatari iliyokwisha kupita.

Sasa muuguzi akiongeza, mbele ya foleni nzima, "Si mlikuwa mkiiba mafuta?", amepata faida gani? Ngozi ya mwizi na ngozi ya mpita njia huungua sawasawa, na dawa yao ni moja. Tena yawezekana kabisa mgonjwa akaona afadhali kidonda kimwozee nyumbani kuliko kurudi kuhukumiwa. Maswali ya lazima yapo: aliungua lini, anaumwa wapi, amekwisha kuchomwa sindano ya pepopunda? Hayo na yaulizwe, kwa kuwa yanalihudumia jeraha. Lile jingine lahudumia udadisi wetu tu. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011, juu ya kuwasaidia waliopatwa na misiba mikubwa, waonya kwamba mtu asishurutishwe kusimulia yaliyompata.

Twawasikia wauguzi wakijibu: wagonjwa ni wengi, mikono ni michache. Ni kweli. Lakini kuvuta pazia hakuli muda, wala kusema, "Pole, baba. Sasa nitailowesha bandeji ili itoke; ikikuuma mno, niambie nisimame kidogo." Maneno hayo machache humrudishia mgonjwa kitu ambacho moto ulimnyang'anya, yaani uwezo wa kusema "haya" au "ngoja" juu ya mwili wake mwenyewe. Mengine, tukiri, yahitaji watu zaidi na fedha zaidi, maana muuguzi naye ana moyo. Waliowapokea majeruhi wa Msamvu waliona katika siku moja mambo ambayo wengi wetu hatutayaona maisha yetu yote. Nani aliwauliza wao hali zao?

Wala sisi wa nyumbani tusijitoe katika lawama. Mara nyingi anayemwaibisha mgonjwa si muuguzi, bali ni ndugu aliyemsindikiza, ambaye huanza kusimulia tangu mlangoni, kwa sauti ya kusikika benchi zima, jinsi alivyomwonya asiende na jinsi alivyokataa kusikia. Msindikizaji wa namna hiyo tungemwomba angoje nje, chini ya mwembe, mpaka bandeji ifungwe.