Nipe Mji

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Anayejua anasema yai, na mchezo unaendelea. Asiyejua anabahatisha: kaburi, chungu, jiwe. Akichoka, mtegaji anamwambia, "Nipe mji." Anapewa Tanga, au Mombasa, au siku ya bahati anapewa London. Anatamba kidogo, jinsi alivyofika huko na kupokewa kama mfalme, kisha anatoa jibu. Nataka nikae kidogo hapo kwenye "kisha anatoa jibu", kwa sababu sijawahi kumwona mtegaji aliyepokea mji akanyamaza. Hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba ukishapewa mji unadaiwa. Na jibu lenyewe lazima limfanye aliyeshindwa ajipige paji la uso. Ukilitoa halafu wenzako wakakunja nyuso na kuuliza hiyo imekujaje, mji wanaudai urudi.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa sababu ya mapenzi yangu ya muda mrefu kwa aina moja ya michezo ya kompyuta, ile ya safari na mafumbo, ambayo mtu mmoja anaitengeneza usiku chumbani kwake na kuigawa kwa wenzake duniani bila kuchukua senti. Katika ile ya maandishi, ninayoipenda zaidi, hakuna kupiga risasi wala kushindana mbio. Kompyuta inakueleza mahali ulipo, nawe unaandika unachotaka kufanya: ingia ndani, chukua taa, fungua sanduku. Mbele yako kuna kitu kilichokuzuia, na mahali fulani katika dunia hiyo ndogo kuna kitu cha kukufungulia njia. Ni kitendawili chenye vyumba.

Kiswahili kina neno zuri kwa watu hawa. Bondia asiyepigana kwa malipo tunamwita bondia wa ridhaa, na hawa nao ni watengenezaji wa ridhaa. Mtu ameridhia mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Nimekuwa miongoni mwao kwa miaka kadhaa, zaidi kama mjaribu, yaani mtu anayepewa mchezo kabla haujatolewa ili aucheze na kuandika kila alipokwama na kila kasoro aliyoiona.

Mwaka jana nilijaribu mchezo wa mtu mmoja stadi sana wa kuandika, ambaye simtaji. Nyumba ya zamani, mvua, saa ya ukutani iliyosimama. Nilikwama kwenye saa hiyo jioni tatu. Hatimaye niliomba jibu, nikaambiwa ufunguo wa saa uko nyuma ya pazia. Pazia lipi? Chumba kilikuwa kimeelezwa kwa aya mbili nzuri kabisa, kuanzia vumbi la mezani hadi mlio wa mbao sakafuni, na pazia halikuwamo. Ilitakiwa mtu akisie kwamba palipo na dirisha lazima pana pazia, kisha aandike neno ambalo mchezo haujawahi kulitamka. Nilimwandikia kwa adabu. Akanijibu kwamba mchezo wake ni wa bure na hakuna aliyenilazimisha kuucheza. Wengine katika kundi letu wakamuunga mkono: anayegawa bure hadaiwi.

Nimeifikiria kauli hiyo, labda kuliko inavyostahili. Ina ukweli wake. Ukialikwa harusini huwezi kulalamika kwamba nyama ilikuwa chache kwenye pilau. Lakini ukialikwa, ukakalishwa kwenye mkeka hadi usiku wa manane, ukisikia harufu ya viungo na hakuna sahani inayoletwa, hutaridhika ukiambiwa kwamba hata hivyo chakula kilikuwa cha bure. Kilichotolewa bure na rafiki yetu yule ni faili. Jioni tatu zilitoka kwangu. Waliowahi kucheza kwenye kompyuta za kukodi kwa saa, huku mwenye duka akichungulia muda uliobaki, hawahitaji kuelezwa hili.

Kisha kuna suala la ridhaa yenyewe, maana nami nilikuwa na yangu. Niliridhia nini nilipoufungua mchezo ule? Niliridhia kutegewa. Lugha yetu imeweka kitendawili na mtego wa ndege katika kitenzi kimoja, na kinyume cha kutega ni kutegua. Aliyekutegea amekuahidi, kwa tendo lenyewe la kutega, kwamba pana mahali pa kuteguliwa. Pazia lisilotajwa halina mahali hapo.

Asili ya michezo hii ni zawadi, na ya mzazi kwa watoto. Katikati ya miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther, aliyekuwa akifanya kazi Massachusetts, Marekani, alikuwa pia mpenzi wa mapango, na alishiriki kulipima pango kubwa la Mammoth huko Kentucky na kuchora ramani zake. Ndoa yake ilipovunjika, aliandika mchezo wa kutembea pangoni ili mabinti zake wawili wawe na kitu cha kucheza wakimtembelea. Mchezo ukasambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Don Woods, mwanafunzi wa Stanford, aliukuta, akaupenda, akataka kuuongezea vyumba na mafumbo. Jina la Crowther alilijua, ila anwani yake hakuwa nayo. Basi akatuma barua pepe kwa mtu aitwaye Crowther katika kila kompyuta iliyokuwa kwenye mtandao wa wakati ule. Siku hizo jambo hilo liliwezekana. Crowther alijibu na kumpa programu yake yote, na mwaka 1977 mchezo uliopanuliwa ukaanza kuzunguka. Huwa nacheka nikiifikiria barua ile: hodi iliyopigwa kwenye kila mlango duniani ili kuomba ruhusa ya kuongeza vyumba kwenye nyumba ya mtu.

Lakini ninachokiwaza zaidi ni mabinti. Wakikwama, baba yuko palepale. Walikuwa katika hali ya kitendawili cha jioni, mtegaji na mteguaji wakitazamana, mji ukiweza kutolewa na jibu likiweza kudaiwa. Mchezo uliposafiri, wawili hao walitengana. Mchezaji wa mbali alibaki na kompyuta ambayo haiwezi kupokea mji.

Wafanyabiashara waliliona pengo hilo mapema. Miaka ya 1980 kampuni ya Infocom iliuza michezo yake, kisha ikauza vitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana, ambao mchezaji aliufichua kwa kupaka kalamu maalumu, kidokezo kimoja baada ya kingine. Ubunifu wenyewe ni wa kupendeza, siwezi kukataa. Kampuni ya Sierra nayo iliuza vitabu vya vidokezo. Katika King's Quest ya Sierra, ya mwaka 1984, kulikuwa na kibwengo ambaye jina lake ulitakiwa kulijua. Ulipewa dokezo kwamba wakati mwingine ni busara kufikiri kinyumenyume. Mwenye kujua hadithi za Wajerumani alikisia Rumpelstiltskin, akaliandika kuanzia mwisho, akakataliwa. Jibu lilitaka ugeuze alfabeti nzima, A iwe Z, B iwe Y, kisha uliandike jina kwa alfabeti hiyo. Sidai kwamba mafumbo ya namna hii yalitungwa ili vitabu viuzwe. Nasema tu kwamba anayelipwa unaposhindwa ana sababu moja pungufu ya kukuhurumia.

Mtengenezaji wa ridhaa hana kitabu cha kuuza, na ndiyo maana nadhani wenzangu waliomtetea mtu wa pazia walikigeuza kitu juu chini. Walidhani kukosekana kwa fedha kunafuta deni. Mimi naona fedha ilikuwa inalificha. Mnunuzi akichukia anaweza kudai hela yake, na hela ikirudi watu huona mambo yamekwisha. Hapa hakuna cha kurudisha. Kilichobaki kati yetu ni ile ahadi peke yake.

Watu wa ridhaa wenyewe walilijua hili tangu zamani. Graham Nelson, mwanahisabati wa Uingereza aliyetengeneza programu ya Inform mwaka 1993 na kuiachia watu waitumie bure kuandikia michezo yao, aliandika miaka hiyohiyo ya 1990 orodha ya haki za mchezaji. Asiuawe bila dalili yoyote. Asihitaji kufa kwanza ndipo ajue kilichomuua. Asifanyishwe kazi ya kuchosha kwa ajili ya kuchoshwa tu. Nimeona watu wakizicheka haki hizo kwamba ni utani wa wataalamu, na kweli zina utani ndani yake. Lakini ni mtengenezaji anayejiwekea deni mwenyewe, na hakuna mahakama wala mteja anayemsukuma. Vilevile, shindano la michezo ya maandishi lililoanza mwaka 1995, ambalo majaji wake ni wachezaji wa kawaida, linamtaka kila jaji atoe alama kwa kile alichokiona ndani ya saa mbili za kwanza. Saa mbili. Huko michezo yote ni ya bure, na bado muda wa mchezaji umepimwa kama sukari dukani.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita kirahisi. Uhuru wa kutodaiwa ndio unaozaa vitu vya ajabu. Mtu asiyemtegemea mnunuzi anaweza kudanganya, kukera, kuvunja kila haki ya Nelson, na baadhi ya michezo bora niliyoicheza ni ya namna hiyo. Mwaka 2000 mwandishi Adam Cadre alitoa mchezo uitwao 9:05. Unaisha kwa dakika chache. Unaamka kwa mlio wa simu, umechelewa kazini, unaoga, unavaa, unatoka. Mwisho wake ukikufikia unagundua kwamba hukuwa umeelewa chochote tangu sentensi ya kwanza. Ni udanganyifu mtupu, na nimeupenda kuliko michezo mingi ya haki. Lakini nilipourudia nilikuta kwamba Cadre hakuwa amenidanganya hata kwa neno moja. Kila kitu kilikuwa mle chumbani. Kilikuwa mahali ambapo mtu aliyechelewa kazini hatazami. (Sitasema ni wapi. Mwenye hamu anaweza kunipa mji.) Uhuru ule ulitumika kumtega mtu hadi mwisho, na mahali pa kutegulia pakaachwa wazi muda wote. Mtu wa pazia hakuwa na ujasiri kuliko Cadre. Alikuwa na uvivu tu, akauita uhuru.

Linalonishinda mimi ni lingine: haki kwa nani? Nyumba isiyo na mlango ni yai kwa sisi tuliokua na kuku uani. Katika Zork II ya Infocom, ya mwaka 1981, kuna vyumba ambavyo huvuki mpaka utambue kwamba umesimama kwenye uwanja wa besiboli na utembee kwa mpangilio wa wachezaji wake. Mmarekani anajipiga paji la uso. Mimi nilisoma jibu mara mbili na bado sikuona kumbe yangu iko wapi. Je, fumbo lile ni la dhuluma? Nadhani hapana, kwa waliotegewa. Ila mchezo ukishawekwa hadharani, huchagui tena anayeketi mbele yako.

Swali hili ninalo mezani sasa hivi, maana ninatengeneza mchezo mdogo kwa Kiswahili. Imenibidi nijiandikie orodha yangu ya vitenzi, na lugha inanitega mwenyewe: nikisema "umeuona" badala ya "umekiona", ngeli imeshamnong'oneza mchezaji kwamba ni ufunguo na si kisu. Fumbo la kwanza ni nyumba ya mji wa kale, mlango wa nakshi, haujafungwa. Ukiusukuma tu na kuingia, unakuta ukumbi mtupu na hadithi haisogei, kwa sababu wenye nyumba wamejifungia ndani wasionekane na mgeni asiye na adabu. Ukipiga hodi na kungoja, unakaribishwa, na kila kitu kinaanza.

Wajaribu wangu wa Dar es Salaam na Mombasa hawakujua hata kama hapo pana fumbo. Binti wa dada yangu aliandika "hodi" kabla ya kuandika neno lingine lolote, halafu akaandika tena "hodi hodi" kwa kuona kimya. Mjaribu mwingine, anayejifunza Kiswahili akiwa Ujerumani na mwenye sarufi nzuri kuliko yangu, alifungua mlango, akaingia, akazunguka ukumbini saa nzima akipekua mapambo ya ukutani. Baadhi ya wenzangu wanasema nimwache, mchezo ni wa kwetu na hodi haifundishwi. Wengine wanataka niweke maandishi mlangoni: BISHA HODI. Hilo sitalifanya hata kwa viboko.

Nimeongeza kikongwe kwenye baraza ya nyumba ya pili, anasuka ukili. Ukiusukuma mlango bila hodi, anakohoa. Ukirudi nje ukausukuma tena, anaacha kusuka na kukutazama. Mara ya tatu anakuuliza, "Mwanangu, kwenu huwa mnaingiaje?" Baada ya hapo hasemi kitu kingine, hata umwulize vipi, isipokuwa ukimpa jina la mji.

Mjaribu wa Ujerumani nimemtumia toleo jipya juzi. Bado hajajibu.