Umeanzisha. Mbona Umesimama?

Kinyoya cha badminton kimeshatoka kwenye raketi yako. Sasa niambie: wewe uko wapi?

Uko palepale. Visigino vimelala sakafuni, raketi imening'inia usawa wa goti, macho yanakisindikiza kinyoya kama abiria anayelitazama daladala lililomwacha kituoni. Mpinzani anakudondoshea karibu na wavu. Unajirusha, unakosa, unatikisa kichwa. Halafu unasema, "Mimi sina kasi."

Acha hizo!

Miguu yako haina ugonjwa. Nimewaona wazee wenye vitambi wakiwahangaisha vijana uwanjani mpaka vijana wakaomba maji. Wale wazee hawakimbii sana. Wanawahi kuondoka. Wewe una mapafu, una magoti mazima, una mkono wenye nguvu, na vyote hivyo umevilaza. Umevilaza vinangoja nini?

Sheria inakutaka miguu yote miwili iguse sakafu bila kusogea mpaka ukipige kinyoya. Sawa, tii. Lakini ukishakigusa tu, uko huru! Na uhuru huo unaufanyia nini?

Unatazama.

Zamani ungeweza kusamehewa kidogo. Aliyeanzisha akizidiwa alipoteza zamu ya kuanzisha tu. Tangu 2006 kila kinyoya kinapotua, pointi inaandikwa, awe ameanzisha nani, na seti inaisha kwa 21. Ukizubaa baada ya kuanzisha, pointi ni yake na kuanzisha ni kwake. Umetoa viwili kwa mpigo mmoja, tena kwa hiari yako.

Haya, umeanzisha kifupi. Kinyoya kimepita juu kidogo ya utepe wa wavu, kinashukia mstari wa mbele, ule ulio karibu mita 2 kutoka wavuni. Vizuri. Usikimbilie nyuma! Hapa ndipo wengi mnapojimaliza: mnaanzisha kifupi, kisha woga wa kutupiwa nyuma unawarudisha katikati ya uwanja, na mbele mnapaacha peupe. Baki karibu na ulipoanzishia. Raketi usawa wa kifua, magoti yamelegea, macho yaache kinyoya yaende kwa mtu.

Tazama raketi yake. Anakikuta kinyoya juu ya utepe au chini yake?

Jiulize hilo tu, kila mara, bila kuchoka. Akikikuta chini ya utepe, hana ujanja, lazima akinyanyue. Atakiweka palepale mbele au atakitupa kona za nyuma, lakini kukushindilia hawezi. Akikikuta juu ya utepe, basi umeanzisha vibaya, kubali haraka: panua miguu, raketi mbele ya mwili, kinakuja kwa nguvu. Hakuna muda wa kujilaumu. Utajilaumu njiani ukirudi nyumbani.

Na anapokaribia kupiga, ruka.

Ruka kidogo, sentimita chache tu, utue kwa nyayo za mbele wakati ule ule raketi yake inapogusa kinyoya. Ukitua mapema unaganda. Ukichelewa, bado uko hewani wakati kinyoya kinakupita. Lakini ukitua kwa wakati, mwili wako unakuwa umejaa nguvu ya kwenda popote: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Hiyo ndiyo "kasi" ya wale wazee. Haiuzwi dukani, wala hukuzaliwa umenyimwa.

Umeanzisha kirefu, juu, kuelekea mstari wa nyuma? Hapo umepewa muda wa bure. Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi, hewa inakishika, kinapanda, kinapoa, kinashuka. Wewe muda wote huo upo safarini: rudi hatua mbili hadi katikati, miguu karibu sambamba, raketi mbele ya kiuno. Ufike kabla hajainua mkono. Anayeanza kutafuta pa kusimama baada ya kupigiwa hachezi, anaokota.

Na hiyo katikati usidhani ni nukta iliyochorwa. Uwanja wa mmoja kwa mmoja una upana wa mita 5.18, na katikati yako inahama kufuata ulikompelekea. Uko boksi la kulia ukampelekea karibu na mstari wa kati? Pembe zake zimebana, simama katikati. Ukampelekea pembeni? Kinyoya kiko upande wako wa kushoto, na njia yake fupi kuliko zote ni kunyoosha kando ya mstari wa pembeni. Sogea nusu hatua kushoto. Ya mshazari mwachie, inasafiri mbali, utaiwahi.

Nusu hatua! Nani amekunyima nusu hatua?

Usiniletee habari za vipaji. Kaitazame fainali ya Olimpiki ya London 2012, Lin Dan na Lee Chong Wei. Lee akachukua seti ya kwanza 21 kwa 15, Lin akajibu 21 kwa 10, ya tatu Lin akaimaliza 21 kwa 19. Watu wanasimulia mapigo. Wewe safari hii achana na mapigo, mfuate kwa macho anayeanzisha, uone anavyojipanga kinyoya kikiwa bado hewani. Dhahabu ilipatikana kwa pointi 2. Zako ngapi zilipotea wiki iliyopita ukiwa umesimama wima?

Huna kocha? Ingia uani. Anzisha hewani bila kinyoya, jipange, ruka, nenda kona moja, rudi, anza tena. Ukimpata mwenzako, wewe anzisha, yeye ajibu popote apendapo, na usitafute pointi. Tafuta kufika ukiwa umesimama imara. Dakika 20. Inachosha na hakuna atakayekupigia makofi, ndiyo maana wenzako hawaifanyi. Unawasubiri waanze?

Utabashiri vibaya. Ndiyo! Bashiri tena. Watu wana mazoea, na wakibanwa wanarudia lile walipendalo. Lihesabu tangu pointi ya kwanza.

Leo jioni matokeo yakifika 19 kwa 19 na zamu ni yako, utaanzishia boksi la kushoto, maana pointi zako ni witiri. Mkono utatetemeka, uache utetemeke. Seti nzima umemwona: ukimwanzishia kifupi anakitupa kona ya nyuma, kushoto kwako. Anzisha. Raketi juu. Ruka.

Na bega liwe limeshageuka kabla hajamaliza kupiga!