Kumsoma Msamaria Ukiwa Umelala Chini

Hadithi tuliyoizoea hatuisomi tena, tunaikumbuka tu. Mhubiri akimtaja mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, mawazo yetu yameshatangulia mpaka kwenye mafuta, divai na nyumba ya wageni. Mazoea hutukalisha kiti kimoja tangu mwanzo wa habari hadi mwisho, na katika habari hii kiti hicho ni cha mfadhili. Tunasikiliza kama watu ambao siku zote ndio wenye cha kutoa.

Anayeisoma Luka 10 polepole hujikwaa mapema. Kuhani wa kwanza kumkuta mtu yule akiwa amepigwa na kuachwa njiani hutetewa kwamba alipita kando kwa kuogopa unajisi wa maiti, asije akashindwa kuhudumu hekaluni. Utetezi mzuri, ila Luka anasema kuhani naye alikuwa akishuka. Yerusalemu iko mlimani, Yeriko iko bondeni, chini ya usawa wa bahari. Anayeshuka njia ile amelipa hekalu kisogo. Kama alikuwa na zamu, imebaki nyuma yake.

Ukirudi sura moja tu nyuma, mambo yanazidi kuwa magumu. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu, na Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke uwateketeze. Habari hizi mbili tunazihubiri kila moja Jumapili yake, kana kwamba hazijuani. (Mgawanyo wa sura, uliowekwa karne nyingi baada ya Luka, umetudekeza.) Aliyefungiwa mlango na Wasamaria ndiye anayemtwaa Msamaria kuwa mfano wa huruma.

Lakini kiini kimo katika swali. Mwanasheria aliyemfanya Yesu asimulie habari hii aliuliza jirani yake ni nani. Ni swali la mtu aliyesimama, mwenye kitu mkononi, anayetaka kujua mpaka wa wajibu wake uko wapi. Yesu anamrudishia swali jingine: katika watu watatu waliopita njia ile, ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Sasa jirani anatafutwa kutoka chini, kwa macho ya aliyelala nusu mfu. Huyo hana nafasi ya kuchagua kabila la mkono utakaomwinua, na mpaka alioutafuta mwanasheria kwake hauna maana.

Tunasema kutoa ni moyo. Kupokea nako kuna moyo wake, na nadhani ni mgumu zaidi, hasa unapopokea kwa mtu uliyelelewa kumdharau. Mtoaji hubaki na heshima yake yote. Mpokeaji hulazimika kukiri kwamba uhai wake umepitia mikononi mwa asiyemtaka. Ni kweli Yesu anamaliza kwa kumwagiza mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo. Ila amemwagiza baada ya kumlaza njiani kwanza, na huruma ya aliyewahi kulala pale haina majivuno ya kuwahesabu waliosaidiwa.

Mwanasheria alipojibu hakutamka jina la Msamaria. Alisema ni yule aliyemwonea mwenzake huruma. Wahubiri wengi humlaumu hapo, kwamba chuki ilimfunga kinywa. Huenda. Lakini kwa kulikwepa jina la kabila alilazimika kumtambulisha mtu kwa tendo lake, na hilo ndilo jibu sahihi ambalo swali lake la kwanza lisingeweza kumpa.