Haki ya Mtoto wa Maskini katika Elimu



Qur'an Tukufu katika Sura Al-Hujurat yatufundisha ya kwamba wanadamu wote wametokana na mume mmoja na mke mmoja, na kwamba mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Kila Mwislamu huyakiri mafundisho haya kwa ulimi. Lakini tukitazama jinsi watoto wetu wasomavyo, na jinsi wanavyopata riziki wakiisha kuwa watu wazima, twaona ya kwamba mara nyingi cheo na mali ya baba ndivyo vimwamuliavyo mtoto njia yake kabla hajajua kuandika jina lake.

Watoto wawili huanza darasa la kwanza siku moja. Wa kwanza ana taa, meza na vitabu nyumbani, na hesabu zikimshinda baba humlipia mwalimu wa jioni. Wa pili akitoka shule huteka maji, kisha hutembeza maandazi ya mama yake mpaka usiku. Mtihani ukija, wa kwanza hufaulu na wa pili huanguka, nao watu husema: yule ana akili, huyu hana. Miaka 20 baadaye yule wa kwanza ana kazi nzuri, ambayo pengine aliipata kwa kuwa rafiki wa baba yake alimwarifu mapema. Na watoto wake huanzia pale alipofikia yeye. Watoto wa mwenziwe huanzia palepale penye sinia la maandazi. Hivyo ndivyo umaskini urithiwavyo bila wosia.

Katika Tanganyika ya Waingereza jambo hili halikufichwa. Shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika zilitengwa. Na miongoni mwa Waafrika wenyewe, shule ya Tabora ilianzishwa hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa chifu aliyesoma huko, ndiye aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akipinga elimu ya kuwatenga wachache na wenzao. Mwaka 2016 Tanzania ikaanza kutoa elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Haya ni ya kushukuriwa. Hata hivyo, kuondolewa kwa ada hakumpi mtoto taa, wala shibe, wala saa ya kujisomea.

Wako wasemao ya kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na ndivyo Mungu alivyopanga. Huko ni kumsingizia Mwenyezi Mungu. Kweli, Sura An-Nahl yasema kwamba wengine wamezidishiwa riziki kuliko wengine. Lakini aya ileile yawalaumu waliozidishiwa wasiotaka kuwagawia wenzao. Na Sura Adh-Dhariyat yasema kwamba katika mali ya wacha Mungu imo haki ya mwenye kuomba na ya asiyeweza kuomba. Hisani hutolewa mtu akipenda, haki hudaiwa.

Mwenye kuuliza aweza kusema: Je, Uislamu wataka watu wote walingane kwa mali? La. Uislamu wamruhusu mtu kuchuma na kumiliki. Lakini Sura Al-Hashr yakataza mali isizunguke baina ya matajiri tu. Na katika zama zetu mali huzunguka kwa njia ya elimu. Anayeifungia elimu katika nyumba za matajiri ameifungia na mali humo humo.

Mtume Mtukufu s.a.w. alionyesha njia kwa vitendo. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, wafungwa waliojua kuandika lakini hawakuwa na fidia waliambiwa wafundishe watoto kumi wa Madina kila mmoja, kisha waende zao. Imesimuliwa ya kwamba Zaid bin Thabit r.a. alijifunza kwa njia hiyo. Huyo alikuwa yatima. Naye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'an Tukufu katika ukhalifa wa Hadhrat Abubakar r.a.

Katika zama zetu, ndugu yetu Profesa Abdus Salam, mwana wa mtumishi wa ofisi ya elimu katika mji mdogo wa Jhang, alifika Cambridge mwaka 1946 kwa msaada uliotengwa kwa watoto wa wakulima wadogo. Mwaka uliofuata nchi iligawanyika, na misaada ile ikakoma. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Je, ni wangapi waliokuwa na akili kama yake, ila msaada haukuwafikia?

Basi, ewe ndugu, yule unayegusana naye bega katika safu ya sala, wajua kama mtoto wake yungali shuleni? Mwenye chumba chenye taa na awakaribishe watoto wa jirani wasome pamoja na wake. Mwenye elimu na atoe saa moja ya jioni. Mwenye fedha na anunue madaftari bila kumwaibisha baba. Nawe mzazi uliye maskini, usimwondoe mtoto shuleni kwa faida ya leo, wala binti usimtangulize kuondolewa; kwani kutafuta elimu ni faradhi ya kila Mwislamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuitimize haki hii kabla hatujaulizwa habari zake. Amin.